KUTAFUTA CHANZO CHA HITILAFU: MFANO WA HUDUMA YA MASHINE PEPE INAYOANGUKA INAPOANZISHWA

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha TEHAMA hukutana na masomo ya aina mbili. Lipo somo aliloliandalia azimio la kazi, zana na maswali. Lipo pia somo linaloingia darasani bila kubisha hodi, nalo ni hitilafu. Kompyuta iliyofanya kazi jana leo haifanyi. Wanafunzi wameketi, macho yao yamemwelekea mwalimu, na dakika arobaini za kipindi zimekwisha kuanza kupungua. Aghalabu mwalimu mgeni katika kazi hubonyeza huku na huku, huzima na kuwasha, na mwishowe huamua kufuta kila kitu na kuanza upya. Huenda mashine ikapona. Lakini wanafunzi watakuwa wamejifunza kwamba hitilafu huondolewa kwa kubahatisha, na pengine kazi yao ya muhula mzima itakuwa imefutwa pamoja nayo.

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, tunataka kuwaonyesha wanachuo utaratibu wa kutafuta chanzo cha hitilafu kwa kutumia mfano mmoja halisi: huduma ya libvirtd, ambayo husimamia mashine pepe katika kompyuta zenye mfumo wa Linux, inapoanguka kila inapoanzishwa. Pili, tunataka kuonyesha jinsi utaratibu huohuo unavyoweza kufundishwa katika darasa la tano au la sita, hata katika shule isiyo na seva, kwa kutumia tochi.

Mashine pepe na msimamizi wake

Mashine pepe ni kompyuta iliyoumbwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Ina kumbukumbu yake, diski yake na mfumo wake, ingawa haina chuma chake yenyewe. Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972, na kwa huo kompyuta moja kubwa iliweza kuwahudumia watu wengi, kila mmoja akijiona kana kwamba ana mashine yake. Katika Linux, programu ya QEMU ilianzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. Kazi ya libvirt ilianza mwaka 2005. Na KVM, inayouwezesha mfumo kutumia uwezo wa prosesa kwa kazi hii, iliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007.

Kwa shule au chuo chenye seva moja faida yake ni dhahiri. Mashine pepe ya kwanza huweza kutunza kazi za wanafunzi, ya pili maktaba ya vitabu vinavyosomwa bila intaneti, na ya tatu ikawa uwanja wa majaribio ambao hata ukiharibika haudhuru kitu.

Tunashauri mwanachuo alieleze jambo hili kwa mfano wa nyumba ya kupangisha. Seva ni nyumba. Kila mashine pepe ni mpangaji katika chumba chake. Huduma ya libvirtd ni mshika funguo: ndiye afunguaye vyumba, aandikaye majina ya wapangaji na kupeleka ujumbe. Mfano huu unatufundisha jambo kubwa. Mshika funguo akianguka, wapangaji waliokwisha kuingia hawafi. Mashine pepe za QEMU zinazofanya kazi huendelea kufanya kazi hata libvirtd inapoanguka. Kinachokosekana ni mtu wa kuzifungulia nyingine na kuzisimamia. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuharakisha. Mwenye haraka ya kuizima seva nzima ndiye anayewatoa wapangaji nje.

Kabla ya kugusa chochote

Kanuni ya kwanza ni hii: soma kabla ya kugusa. Kompyuta iliyoanguka imeacha ushahidi, na kila tunachokibadilisha bila kufikiri hufuta sehemu ya ushahidi huo. Mwanachuo na afungue daftari, aandike saa, aandike kilichoonekana, kisha ajiulize swali moja lenye thamani kuliko yote: ni kitu gani kilichobadilika tangu huduma hii ilipofanya kazi mara ya mwisho? Je, mfumo ulisasishwa? Umeme ulikatika? Diski ilijaa? Mtu alihariri faili la mipangilio?

Kanuni ya pili ni kulinda kazi za wanafunzi. Diski za mashine pepe kwa kawaida hukaa katika saraka ya /var/lib/libvirt/images, na maelezo ya kila mashine hukaa katika /etc/libvirt/qemu. Maelezo hayo ni mafaili madogo. Yanakiliwe mahali pengine mara moja. Diski nazo zinakiliwe wakati mashine zenyewe zimezimwa, kwa sababu nakala ya diski inayoandikwa huweza kuwa mbovu. Asiyekuwa na nakala hana ruhusa ya kufanya majaribio.

Hatua za uchunguzi

Hatua ya kwanza: kuuliza hali. Amri ni hii:

systemctl status libvirtd

Katika mifumo kadhaa ya sasa kazi ya libvirtd imegawanywa kwa huduma ndogondogo, na inayosimamia mashine za QEMU huitwa virtqemud. Ikiwa ndivyo ilivyo, jina hilo ndilo litumike katika amri.

Jibu litakalotolewa lisomwe kwa makini, maana kuna namna tatu za kusimama ambazo mtu asiye mwangalifu huziita zote "kuanguka":

(a) Huduma imejitoa yenyewe kwa namba ya kosa. Maana yake programu iliona jambo isilolikubali, ikakataa kuendelea. Aghalabu sababu imeandikwa.

(b) Huduma imeuawa kwa ishara, kwa mfano SEGV. Maana yake programu iligusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa, na mfumo ukaikatisha. Hapa kuna kasoro ndani ya programu, au sehemu zake hazipatani, na maelezo yatakuwa machache.

(c) Huduma imemaliza kwa namba sifuri. Hili si kosa. Tangu toleo la 5.6.0 la mwaka 2019, libvirtd huweza kuamshwa na soketi pale tu inapohitajika, na kwa kawaida huanzishwa kwa sharti la kujipumzisha baada ya sekunde 120 ikiwa hakuna mteja wala mashine pepe inayofanya kazi. Ukiita tena, itaamka. Wengi wamepoteza siku wakimtibu aliyelala.

Ifahamike pia kwamba systemd haikubali kuianzisha bila kikomo huduma inayoanguka. Kwa kawaida, ikianzishwa mara tano ndani ya sekunde kumi na kuanguka, systemd hukataa na kutangaza kwamba maombi yamerudiwa upesi mno. Tangazo hilo ni matokeo, wala si chanzo. Baada ya kurekebisha chanzo, kikomo hicho huondolewa kwa amri ya systemctl reset-failed libvirtd.

Hatua ya pili: kusoma kumbukumbu. Amri ni:

journalctl -u libvirtd -b

Herufi b huagiza kumbukumbu za tangu kompyuta ilipowashwa mara ya mwisho. Mwanafunzi husoma mstari wa mwisho kwa kuwa ndio ulio mbele ya macho yake. Tumzoeze kupanda juu hadi kosa la kwanza. Kosa la kwanza huzaa mengine, kama tundu moja la paa linavyolowesha mkeka, godoro na daftari kwa mvua moja. Anayekausha daftari hajaziba paa.

Hatua ya tatu: kuweka dhana. Mwanachuo aandike sentensi moja inayoweza kuthibitishwa au kukanushwa. "Seva ni mbovu" si dhana, kwa kuwa haituelekezi mahali pa kutazama. "Huduma inakataa kuanza kwa sababu inatafuta cheti ambacho hakipo" ni dhana. Inatuambia tufungue saraka gani tukatazame.

Hatua ya nne: kubadilisha jambo moja, moja tu. Ukibadilisha matatu na huduma ikaanza, hujui lipi lililoponya, wala huna cha kuwafundisha wenzako.

Hatua ya tano: kuthibitisha. Anzisha huduma, kisha tumia amri ya virsh list --all uone kama mashine pepe zote zimetajwa. Huduma iliyoanza bila kuwaona wapangaji wake bado haijapona. Mwisho, panga wakati ambao hakuna anayetumia seva, uiwashe upya, na uhakikishe kwamba huduma inaanza bila kusaidiwa.

Hatua ya sita: kuandika. Dalili, chanzo, dawa na tarehe viingie katika daftari la chumba cha kompyuta, kwa ajili ya mwalimu atakayekuja baada yetu.

Sababu zinazokutwa mara nyingi

Tutaje sasa baadhi ya vyanzo ili mwanachuo aone jinsi hatua hizo zinavyofanya kazi.

1. Cheti kinachokosekana. Huduma ikiagizwa kupokea maombi kutoka kompyuta nyingine kwa njia salama, hutafuta vyeti, kikiwamo /etc/pki/CA/cacert.pem. Cheti kisipokuwapo, hukataa kuanza, na kumbukumbu hutaja faili lililokosekana. Dawa ni kuweka vyeti vinavyotakiwa au, kama hakuna kompyuta nyingine inayohitaji kuisimamia seva hiyo, kuiondoa amri ya kupokea maombi ya nje. Wapo wanaoshauri kufungua njia isiyo na usalama ili kosa litoweke. Kufanya hivyo ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea.

2. Agizo la zamani katika mfumo mpya. Zamani libvirtd iliagizwa kupokea maombi ya nje kwa neno --listen, lililoandikwa katika /etc/sysconfig/libvirtd au /etc/default/libvirtd kutegemea aina ya Linux. Tangu soketi za systemd zilipoanza kutumika, neno hilo haliruhusiwi pamoja nazo, na huduma hujitoa papo hapo ikieleza hivyo. Mfumo umesasishwa, faili la zamani limebaki. Hapa ndipo swali la "kitu gani kilichobadilika" linapolipa. Dawa ni kuliondoa neno hilo, na kama maombi ya nje yanahitajika, kuiwezesha soketi ya libvirtd-tls badala yake.

3. Kosa la uandishi. Alama ya kufunga nukuu ikisahauliwa katika /etc/libvirt/libvirtd.conf, faili halisomeki. Tulinganishe faili na nakala yake ya zamani mstari kwa mstari. Ni kazi ileile ya kusahihisha imla.

4. Diski iliyojaa. Huduma isiyo na mahali pa kuandika huweza kushindwa kuanza, na hata kumbukumbu zake huweza kukatika katikati. Amri ya df -h huonyesha nafasi iliyobaki. Tusifute ovyo, tutafute kwanza kilichojaza.

5. Matoleo yasiyopatana. Mtu akiwa amejenga libvirt mwenyewe kutoka msimbo wake, kisha mfumo ukasakinisha toleo jingine, programu huweza kuzikuta maktaba za toleo lisilo lake. Kumbukumbu hulalamika kwamba toleo fulani la LIBVIRT_PRIVATE halikupatikana. Amri ya ldd /usr/sbin/libvirtd huonyesha maktaba zinatoka saraka gani. Baadhi zikitoka /usr/local, tumempata mgeni asiyealikwa.

Ifahamike kwamba huenda vyanzo vikawa viwili. Baada ya kuondoa neno --listen, huduma huweza kuanguka tena, safari hii kwa diski iliyojaa. Mwanachuo asikate tamaa wala asirudishe alilolisahihisha. Asome upya kumbukumbu. Ujumbe ukibadilika, tumesonga mbele hatua moja.

Kumbukumbu zinaponyamaza

Huduma inapouawa kwa ishara ya SEGV, mara nyingi haituachii maelezo ya kutosha. Kwanza tuhakikishe kwamba vifurushi vyote vya libvirt ni vya toleo moja na vimesasishwa. Kisha tunaweza kusimamisha huduma pamoja na soketi zake, na kuiendesha programu mbele ya macho yetu kwa amri ya libvirtd --verbose, ili tuone imefika wapi kabla ya kuanguka.

Tukishuku kwamba faili moja la maelezo ndilo linaloiangusha programu, tuna njia ya kale na ya uhakika: kugawa nusu kwa nusu. Tuseme seva ina mafaili 16 ya maelezo ya mashine pepe. Mashine zote zikiwa zimezimwa na nakala ikiwa imehifadhiwa, tunahamisha mafaili 8 nje ya saraka na kuanzisha huduma. Ikianza, mkosaji yumo katika 8 yaliyohamishwa. Ikianguka, yumo katika 8 yaliyobaki. Tunaligawa kundi lenye mkosaji: 4, kisha 2, kisha 1. Majaribio manne yametosha, ilhali kujaribu moja moja kungeweza kuhitaji kumi na matano. Sharti lake ni kwamba mkosaji awe mmoja. Mwalimu wa hisabati ataona mara moja kwamba hapa ana mfano hai wa kugawanya kwa mbili.

Kulipeleka somo darasani

Mwanafunzi wa darasa la tano hahitaji kuijua libvirtd. Anachohitaji ni mwendo wa akili tuliouonyesha, nao hufundishika kwa tochi ya betri mbili. Tunapendekeza maandalio yafuatayo kwa kipindi cha dakika 40.

Zana: tochi tano za globu, na daftari kwa kila kikundi. Kabla ya kipindi mwalimu aziandae tochi kwa siri. Ya kwanza betri moja igeuzwe. Ya pili kipande cha karatasi kiwekwe kati ya betri. Ya tatu iwe na globu iliyoungua. Ya nne iwe na makosa mawili, globu iliyoungua na betri iliyogeuzwa. Ya tano iwe nzima kabisa, ila imezimwa.

Utangulizi (dakika 5): Mwalimu awaulize wanafunzi wafanyeje tochi isipowaka usiku. Majibu yaandikwe ubaoni bila kusahihishwa.

Kuangalia na kudhani (dakika 10): Kila kikundi kiangalie tochi yake bila kuifungua, kiandike kinachoonekana, na kiandike dhana moja.

Kujaribu (dakika 15): Kikundi kibadilishe jambo moja kwa wakati mmoja na kuandika matokeo. Mwalimu azunguke akiuliza, "Mmejuaje?" Asiguse tochi ya mtu.

Taarifa (dakika 10): Vikundi vieleze chanzo na ushahidi. Kikundi cha tochi ya tano kitacheka. Lakini kimefundishwa jambo lilelile tuliloliona kwa huduma iliyojipumzisha baada ya sekunde 120. Kikundi cha tochi ya nne kitaeleza kwa nini kubadilisha globu hakukutosha, na kwa nini haikuwa kosa kuibadilisha.

Makosa ambayo mwanachuo ayaepuke

La kwanza ni kutoa jibu mapema. Mwalimu anayeona karatasi kati ya betri na kuitaja amewanyang'anya wanafunzi somo. La pili ni kuchukua kibodi kutoka mkononi mwa mwanafunzi; mkono unaozuiwa kujaribu haujifunzi. La tatu ni kumtafuta mkosaji badala ya chanzo. Swali la "Nani aliharibu?" huwafunga watoto midomo, nasi twahitaji waseme walichobadilisha. Mtoto aliyejikwaa akasema ukweli apongezwe mbele ya wenzake, kwa maana ametoa ushahidi ambao hakuna kumbukumbu ya kompyuta ingeweza kuutoa.

Hitimisho

Tumeona kwamba huduma inayoanguka inapoanzishwa haihitaji mganga, bali msomaji. Hali yake huulizwa, kumbukumbu zake husomwa tangu kosa la kwanza, dhana huandikwa, jambo moja hubadilishwa, matokeo huthibitishwa na kuwekwa katika daftari. Programu tulizozitaja zitabadilika, na majina yake pengine yatasahauliwa. Mtoto aliyezoea kusoma kabla ya kugusa atautumia mwendo huo kwa pampu ya maji, kwa baiskeli na kwa hesabu isiyotoka. Ni juu yetu walimu kumpa nafasi hiyo, hata pale kengele inapokaribia kulia na tochi bado haijawaka.

Maswali ya kujadiliana

1. Eleza tofauti kati ya huduma iliyojitoa kwa namba ya kosa, iliyouawa kwa ishara, na iliyojipumzisha. Kila moja inadai hatua gani?

2. Mwanachuo amesasisha mfumo, amefuta mafaili ya zamani na kuhariri mipangilio kwa pamoja, na libvirtd imeanza. Je, kazi yake imekamilika? Toa sababu.

3. Seva ina mafaili 32 ya maelezo, na moja ni bovu. Kwa njia ya kugawa nusu, majaribio mangapi yatatosha?

4. Andaa somo la dakika 40 la kutafuta chanzo cha hitilafu kwa kutumia kifaa kinachopatikana kijijini, kisicho tochi wala kompyuta.